Anwani, Mstari na Chanzo: Istilahi za Kompyuta Mbele ya Kazi ya Fundi

1. Utangulizi

Kazi ya kukipatia Kiswahili istilahi za kompyuta imekwisha kufanywa na watu wengi, na matunda yake yanaonekana. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; na tangu hapo simu na kompyuta nyingi zimetufikia zikiwa na menyu za Kiswahili. Leo karani aweza kufungua faili, kuihifadhi, kuifuta na kuichapa pasipo kukutana na neno la kigeni lisilofasiriwa. Hayo ni mafanikio, wala hatukusudii kuyabeza.

Hata hivyo, tukizitazama istilahi hizo kwa makini twaona kwamba nyingi ziliundwa kwa ajili ya mtu anayekaa mbele ya kioo. Ni istilahi za mteja. Fundi, yaani yule anayeiandika programu na kuitengeneza inapoharibika, ameachiwa orodha za maneno yaliyotafsiriwa moja moja, kila neno likiwa limetengwa na mwenzake. Ni sawasawa na kumpa dereva jina la usukani na la breki, kisha kumwacha makanika achague mwenyewe jina la kila kifaa kilichomo chini ya boneti.

Makala haya yanakusudia kuzipima baadhi ya istilahi hizo za fundi. Kipimo chetu hakitakuwa kamusi. Tumechagua kazi moja ndogo, inayofanywa tangu mwanzo hadi mwisho, ili tuone kama istilahi zilizozoeleka zaweza kusimama pamoja katika kazi hiyo bila kugongana. Kazi yenyewe ni ya kutumia zana iitwayo addr2line.

2. Kazi inayopimiwa istilahi

addr2line ni zana ndogo iliyomo katika mkusanyiko wa GNU Binutils. Haina dirisha wala kitufe. Mtu huiandikia amri, nayo humjibu kwa maandishi. Hupewa namba ya mahali ndani ya programu, ikarudisha jina la faili na namba ya mstari ambao mwandishi wa programu hiyo aliuandika.

Ili msomaji auone umuhimu wake, na tueleze kwa ufupi. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha kama C au C++. Kisha programu nyingine, ambayo tutaiita kifasiri kwa sababu zitakazoelezwa baadaye, huigeuza kuwa maagizo ya namba yanayofahamika kwa mashine. Baada ya tafsiri hiyo mashine haina haja tena ya mistari wala majina ya mwandishi. Kila agizo hutambulikana kwa namba ya mahali pake tu. Kwa hiyo programu ya mishahara inapokatika usiku wa kuamkia siku ya malipo, mashine haisemi kwamba imekwama penye hesabu ya makato. Husema kwamba imekwama penye 0x1149. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, na kwa hesabu yetu ya kila siku ni 4425. Fundi huandika:

addr2line -e mshahara -f -C 0x1149

naye hujibiwa, kwa mfano:

jumla(int, int)
/home/fundi/mshahara.cc:42

Maana yake ni kwamba agizo lililokwama lilitokana na mstari wa 42 wa faili mshahara.cc, katika sehemu iitwayo jumla. Alama ya -e hutaja faili tekelezi inayochunguzwa. -f huomba jina la sehemu hiyo. Na -C hulirudisha jina katika umbo linalosomeka.

Jibu hilo hupatikana kwa sababu kifasiri kiliagizwa mapema, kwa alama ya -g ikiwa ni kifasiri cha GCC, kuacha ndani ya faili jedwali la kuoanisha maagizo na mistari. Muundo unaotumika sana kwa jedwali hilo huitwa DWARF, na toleo lake la tano lilitoka mwaka 2017. Jedwali lisipokuwapo, addr2line huandika ?? mahali pa jina la faili, na 0 au alama ya kuuliza mahali pa namba ya mstari.

Sasa tukiichukua kazi hiyo na kuieleza kwa istilahi zilizozoeleka, tutapata sentensi kama hii: "Ni zana ya mstari wa amri inayobadili anwani kuwa mistari ya msimbo chanzo ili kuondoa wadudu." Kila neno katika sentensi hiyo lina mtetezi wake, na maneno yote ni ya Kiswahili. Lakini mwanafunzi aliyeisoma hajui bado zana hiyo inafanya nini. Na lile analodhani amelijua, sehemu yake kubwa si kweli. Na tuyatazame maneno hayo moja baada ya jingine.

3. Anwani

Kwanza twalitetea neno moja. Wako wanaodai kwamba anwani halifai kuitwa mahali katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa limekwisha kupewa barua, barua pepe na tovuti. Sisi twaona kwamba neno hili linafaa, na kwamba kwa mzungumzaji wa Kiswahili linafaa kuliko lilivyomfaa yule aliyeliazima kwa kompyuta hapo mwanzo.

Kwa Mwingereza anwani ni nyumba na barabara. Kwetu sisi, kwa miaka mingi, anwani imekuwa S.L.P. na namba yake, na hata baada ya Tanzania kuendesha kazi ya anwani za makazi mwaka 2022, barua za ofisi bado huandikwa S.L.P. Sasa sanduku la posta ni nini? Ni kijumba chenye namba, katika safu ya vijumba vinavyolingana, na ndani ya kila kimoja mna kitu kilichowekwa. Hiyo ndiyo sura ya kumbukumbu ya kompyuta.

Tena, namba ya sanduku haimwambii mtu mwenye sanduku anakaa wapi wala ni nani. Anayetaka kujua hilo hana budi kulitazama daftari la posta. Jedwali lililoachwa na kifasiri ndilo daftari hilo, na addr2line ni karani anayelifungua na kulisoma. Daftari likiwa limeondolewa, karani hawezi kutaja jina; anachoweza kuandika ni alama za kuuliza. Mwalimu akiwa na mfano huo hahitaji mwingine.

Lakini neno anwani halina budi kufuatwa na kielezi chake, kwa maana hapa zimo anwani mbili. Mifumo mingi ya leo, kwa ajili ya usalama, huipakia programu mahali tofauti kila inapoanzishwa. Tuseme programu yetu imepakiwa kuanzia 0x55d3c0a00000, nayo ikakwama penye 0x55d3c0a01149. Fundi akiichukua namba hii ndefu na kumpa karani wetu, atajibiwa kwa alama za kuuliza, kwa sababu daftari halina sanduku la namba hiyo. Yampasa kwanza aondoe mwanzo wa upakiaji, abaki na 0x1149. Twapendekeza basi namba ile ndefu iitwe anwani ya upakiaji, na hii fupi iitwe anwani ya faili. Orodha inayoandika "anwani" na kukoma hapo imemnyima fundi tofauti anayoihitaji kuliko zote.

Hapohapo na tulikosoe tendo lenyewe. addr2line haibadili anwani kuwa mstari, kama mtu abadilivyo shilingi kuwa dola. Anwani hubaki ilivyo na mstari hubaki ulivyo. Zana huonyesha kipi kilitokana na kipi. Tena mstari mmoja huweza kuzaa maagizo mengi, kwa hiyo anwani nyingi zaweza kurejea kwenye mstari uleule. Kitenzi kinachostahili ni kuoanisha.

4. Mstari

Neno mstari limebebeshwa mizigo miwili katika sentensi ile: mstari ulioandikwa na mwandishi wa programu, na "mstari wa amri", yaani namna ya kuiendesha kompyuta kwa kuiandikia. Lugha iliyokopwa ina neno moja kwa mambo hayo mawili, na wafasiri wetu wakaufuata mlango huohuo.

Kiswahili hakikuwa na haja ya kubanwa hivyo. Lugha yetu imekwisha kuigawa mistari kulingana na shughuli. Washairi wana mshororo, wenye vipande vyake vya ukwapi na utao. Watu wanaosubiri huduma wana foleni. Maandishi yana mstari. Zaidi ya hayo, kwa mtoto aliyesoma katika shule zetu, mstarini ni mahali wanafunzi wanaposimama asubuhi kukaguliwa na kupewa maagizo ya siku. Mwambie "mstari wa amri" naye ataona kiranja na gwaride, wala hataiona kompyuta.

Twapendekeza mstari libaki kwa maandishi peke yake, kwa kuwa namba ya mstari ndiyo jibu lote tunalolitafuta kwa addr2line, wala halifai kuchanganywa na kitu kingine. Kuhusu namna ya kuendesha, jambo linaloitofautisha na madirisha na vitufe si mstari. Ni kwamba amri huandikwa. Kwa hiyo twapendekeza amri andishi, na zana za aina hiyo ziitwe zana za amri andishi. Neno andishi halitamtatiza msomaji aliyezoea tekelezi na endeshi.

5. Chanzo na msimbo

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, nalo limeenea. "Msimbo chanzo" ni maneno mawili, na yote mawili yanapotosha.

Tuanze na msimbo. Msimbo humfahamisha msomaji jambo lililotiwa katika alama za kufupisha au za kuficha, kama namba za posta au alama za siri. Lakini katika safari yote ya programu, yale maandishi ya mwanzo ndiyo yaliyo wazi kuliko mengine. Yaliandikwa ili yasomwe na binadamu. Yana majina, yana maelezo, yana mpangilio. Kinachofumbika ni kile kinachozaliwa baada ya kufasiriwa. Kuyaita maandishi yale msimbo ni kuugeuza ukweli kichwa chini: kilicho wazi kimepewa jina la fumbo.

Tuje kwa chanzo. Fundi anayetengeneza programu anatafuta chanzo cha hitilafu. Hilo ndilo Kiswahili cha kila fundi, awe wa redio, wa gari au wa mabomba ya maji. Sasa tumwelekeze atafute chanzo cha hitilafu katika chanzo, kisha aone kama chanzo alichokipata katika chanzo ndicho chanzo! Tena yawezekana kabisa kwamba mstari uliotajwa na addr2line si chanzo cha hitilafu. Mstari wa 42 ndipo programu ilipokatika. Huenda namba mbovu iliingizwa tangu mstari wa 10. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba zana hii humpeleka "kwenye chanzo" atautengeneza mstari wa 42 ambao hauna kosa, na programu itakatika tena mwezi ujao. Kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la kazi.

Dawa yake haihitaji kutafutwa mbali, maana imo katika taaluma yetu wenyewe. Wataalamu wa tafsiri wanayo matini chanzi na matini lengwa, lugha chanzi na lugha lengwa. Kinachofanyika ndani ya kompyuta ni tafsiri kwa maana hiyohiyo: matini iliyoandikwa katika lugha moja huhamishiwa katika lugha nyingine, mara moja, kwa maandishi. Basi maandishi ya programu na yaitwe matini chanzi. Irabu moja ya mwisho inatosha kuitenga na chanzo cha hitilafu.

Faida haikomei hapo. Kiswahili humtofautisha mfasiri, anayefanyia kazi maandishi, na mkalimani, anayehamisha maneno papo kwa papo wakati yanapotamkwa. Katika kompyuta pia zimo programu za aina mbili: ile inayofasiri matini yote kwanza ndipo iendeshwe, na ile inayoisoma na kuitekeleza hapohapo. Ya kwanza ni kifasiri, na ya pili ni kikalimani. Tofauti ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa taabu katika lugha ya kigeni, sisi tunayo sokoni na mahakamani.

6. Mdudu

Kisa cha nondo aliyekutwa mwaka 1947 ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II kinajulikana, na wengi hukitaja kama asili ya kuita kosa la programu mdudu. Ukweli ni kwamba wahandisi wa Kiingereza walikuwa wakilitumia neno hilo kwa ubovu wa mitambo tangu karne ya 19. Vyovyote iwavyo, mzaha huo ni wao. Kwetu vijidudu huleta maradhi kutoka nje na huuawa kwa dawa. Kosa la programu halikuingia kutoka nje. Liliandikwa na mwandishi mwenyewe. Kumwambia mwanafunzi kwamba programu yake ina mdudu ni kumwondolea dhamana.

Neno hitilafu linatosha, na mafundi wanalo tangu zamani. Na tendo la kuitafuta twapendekeza liitwe kusaka. Sababu ni kwamba addr2line na zana za jamii yake haziondoi kosa lolote. Hulifuata kwa nyayo, kama msakaji, mpaka mahali lilipopita. Kuliondoa ni kazi ya binadamu. Taarifa zile zinazoachwa na kifasiri ndani ya faili ziitwe basi taarifa za kusakia. Jina hilo lamwonya fundi juu ya jambo jingine: baadhi ya watu huzivua taarifa hizo kwenye faili ili faili iwe ndogo. Anayezivua bila kuweka nakala pembeni amefuta nyayo zake mwenyewe.

7. Nguvu ya mnyambuliko

Pako mahali ambapo Kiswahili kikiachwa kifanye kazi kwa nguvu zake chenyewe hukishinda kile kinachokifuata. Tutoe mifano miwili.

Katika C++ kifasiri hulikunja jina la sehemu ya programu pamoja na aina za data zake. Jina jumla, lenye kupokea namba nzima mbili, hugeuka kuwa _Z5jumlaii: 5 ni idadi ya herufi za jina, na kila i inasimama badala ya namba nzima moja. Alama ya -C katika amri yetu hulirudisha liwe jumla(int, int). Orodha nyingi hulipita jambo hili kimya. Nasi tunayo kauli ya kutendua: kufumba jina na kufumbua jina. Msomaji hahitaji maelezo mengine. Umbo la kitenzi limekwisha kusema kwamba tendo la pili hulirudisha nyuma la kwanza.

Mfano wa pili ni pale kifasiri, kwa kutafuta kasi, kinapoichukua sehemu fupi ya programu na kuinakili ndani ya sehemu nyingine inayoiita. Tendo hilo na liitwe kupachika, kama wanaisimu wasemavyo juu ya viambishi. Sehemu ikipachikwa, anwani moja huwa na mistari miwili inayoidai: mstari wa sehemu iliyopachikwa na mstari wa mahali ilipopachikwa. addr2line ikipewa alama ya -i huitaja yote, kuanzia wa ndani hadi wa nje.

8. Pingamizi

Twajua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba "msimbo chanzo" limekwisha kuenea na halitang'oka. Twajibu kwamba limeenea katika magazeti na katika maelezo ya jumla, mahali ambapo halimdhuru mtu. Katika vitabu vya mafunzo bado hatujachelewa, kwa kuwa vitabu vyenyewe ni vichache.

La pili ni kwamba fundi wa kompyuta atasoma Kiingereza kwa vyovyote, basi istilahi hizi ni za nini? Ni kweli kwamba atasoma Kiingereza. Jina la addr2line litabaki lilivyo, na alama za -e na -f pia, kwa kuwa hizo ni sehemu ya mashine. Lakini kujua kubofya herufi hizo si kuelewa kinachotendeka. Kijana anayerudia maneno ambayo maana yake ameishika nusu ataweza kufuata maagizo siku zote ambazo mambo ni shwari. Siku karani atakapomjibu kwa alama za kuuliza, hatakuwa na lugha ya kufikiria sababu yake. Na programu zinazohusika si za michezo. Ni za mishahara, za umeme, za kumbukumbu za wagonjwa.

La tatu ni kwamba istilahi hazitungwi mezani. Hili twalikubali kabisa. Rejeta, plagi na gia hazikupitishwa na kamati kwanza. Zilitamkwa gereji, mikono ikiwa na oili, na kamusi zikaja nyuma. Lakini makanika aliyatamka maneno yale katika lugha aliyokuwa akifanyia kazi. Kwa fundi wa kompyuta hali ni tofauti: darasa lake ni la Kiingereza, kitabu chake ni cha Kiingereza, na orodha aliyopewa kwa Kiswahili haijawahi kupelekwa karakana.

9. Hitimisho

Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi za fundi zisipitishwe tena kwa orodha ya maneno pweke. Kila fungu la istilahi lisindikizwe na kazi moja kamili, iliyoelezwa kwa istilahi hizohizo tangu amri hadi jibu, na maelezo hayo asomewe mtu anayeifanya kazi hiyo. Istilahi itakayogongana na mwenzake katika maelezo hayo irudishwe kwa waliyoiunda.

Kwa kipimo hicho, sentensi tuliyoanza nayo twaiandika upya: "addr2line ni zana ya amri andishi inayosoma taarifa za kusakia zilizomo katika faili tekelezi, ili kuoanisha anwani ya faili na mstari wa matini chanzi uliouzaa." Sentensi hii imeizidi ile ya kwanza kwa urefu. Lakini fundi akiisoma atajua ashike nini, aulize nini, na akijibiwa ?? atajua pia kinachokosekana.